Shajara ya mradi: kilo za zabibu ndani ya moduli iliyofungwa

Programu hii inaandikisha mizigo ya zabibu kwenye kituo cha kupimia cha chama cha ushirika, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Mkulima anafika na makreti yake kwa guta au toroli, yanapandishwa mzanini, uzito unasomwa, uzito wa makreti matupu unatolewa, kinachobaki kinazidishwa na bei ya daraja, na stakabadhi inachapwa. Lugha ya programu niliyotumia ni OCaml.

Mradi wenyewe ni mdogo. Nimeuandikia shajara kwa sababu ya uamuzi mmoja: isipokuwa moduli moja tu (kipande cha programu kilichotengwa kwenye faili lake), hakuna sehemu ya programu inayoruhusiwa kujua uzito umehifadhiwa kwa umbo gani. Nataka mwenye kazi kama hii aone uamuzi huo ulilipa wapi na ulivuja wapi. Hatua za kawaida nitazipita haraka.

9 Juni 2025: Msingi

Nimesakinisha OCaml 5.2 kwa opam, chombo cha kusakinishia vitu vya OCaml, na dune kwa ajili ya kujenga. Ukumbuke kwamba opam inaijenga kompaila (inayokagua msimbo na kuugeuza uendeshwe na mashine) upya kutoka msimbo wake chanzi. Kwa laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 4 hiyo ni kazi ya kuacha usiku, na bando liliisha katikati. Anayeanza anunue bando la kutosha kabla.

Toleo la kwanza kabisa lilikuwa faili moja. Uzito namba ya desimali, bei namba ya desimali, uzito wa kreti namba ya desimali. Kompaila haikuwa na neno, maana kwake zote ni kitu kimoja. Ukiita `toa 14.0 212.4` badala ya `toa 212.4 14.0` unapata mkulima mwenye kilo hasi, na programu inaendelea kumpigia hesabu bila wasiwasi.

Kwa hiyo nikagawa. Kwa wasioijua OCaml: faili la `.ml` lina kazi yenyewe, na faili la `.mli` lenye jina hilohilo ni kiolesura, yaani orodha ya vitu ambavyo wa nje wanaruhusiwa kuviona. Kisichoandikwa kwenye `.mli` hakipo kwa wengine. Ni kama dirisha la duka la dawa: unaomba, unapewa, huingii ndani kushika makopo. Kiolesura cha kwanza kilikuwa hiki:

```
(* uzito.mli *)
type t = private float
val ya_kilo  : float -> t
val jumlisha : t -> t -> t
val toa      : t -> t -> t
```

Neno `private` hapo ni njia ya katikati. Wa nje hawezi kutengeneza uzito mwenyewe, lazima apitie `ya_kilo`, ambayo inakataa namba hasi. Lakini anaruhusiwa kuusoma kama desimali kwa kuandika `(x :> float)`. Nilivutiwa na urahisi wake: kuchapa, kulinganisha, kuzidisha na bei, vyote vinafanyika bila kuandika fanksheni mpya, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi moja. Urahisi huo ulikuja kudaiwa mwishoni mwa mwezi.

30 Juni: Shilingi moja

Mavuno ya Agosti hayajafika, kwa hiyo nimejaribu programu kwa daftari la msimu wa Februari na Machi. Katibu wa chama, mama mmoja makini kupita kiasi, alinisomea mizigo mmoja mmoja huku nikiingiza. Yeye alikuwa na hesabu zake za kalkuleta pembeni.

Mizigo mingi ililingana. Michache ikapishana kwa shilingi moja, na daima programu ndiyo iliyokuwa chini. Mama akaniambia, "Shilingi moja si kitu, mwanangu, ila mkulima akiiona mara mbili haji tena kwenye mashine yako."

Chanzo ni desimali zenyewe. Kompyuta huhifadhi desimali kwa msingi wa mbili, na namba kama 4.35 haina umbo kamili katika msingi huo. Makato ya chama ni shilingi 100 kwa kilo. Andika `4.35 *. 100.0` kwenye OCaml, hupati 435, unapata 434.99999 na mkia mrefu. Kisha `int_of_float` inakata kila kilicho nyuma ya nukta, na 435 inakuwa 434. Ningeweza kuzungusha badala ya kukata, na kwa mzigo mmoja ingetosha. Lakini ukijumlisha mizigo mingi ya desimali, mpangilio wa kujumlisha nao unaweza kubadilisha tarakimu za mwisho. Sikutaka jumla ya siku itegemee nani alifika kwanza mzanini.

Dawa inajulikana: hifadhi gramu kwa namba kamili. Kwenye mashine ya biti 64, namba kamili ya OCaml ina biti 63, nafasi ambayo zabibu za Dodoma nzima haziwezi kuijaza.

2 Julai: Kutoka kilo kwenda gramu

Hapa ndipo uamuzi wa kuficha ulipotakiwa kulipa. Ndani ya `uzito.ml` mabadiliko yalikuwa mistari michache. Nikajenga upya, na skrini ikajaa makosa mekundu. Karibu yote yalikuwa aina moja: kila mahali nilipoandika `(x :> float)`, kompaila ilisema uzito si desimali tena.

Yaani `private` ilizuia watu kutengeneza uzito wa uongo, lakini haikuzuia wasijue umbo lake. Na wakishalijua, wanalijengea. Faili la stakabadhi lilikuwa linazidisha lenyewe. Faili la ripoti lilikuwa linalinganisha lenyewe, na mahali pamoja likigawanya kwa 1000 kupata tani. Ningekuwa nimeandika `type t` tupu tangu mwanzo, bila kutaja umbo, kazi hiyo yote ingekuwa ndani ya moduli moja.

Nimeifunga kabisa sasa:

```
type t
val soma         : string -> (t, string) result
val gramu        : t -> int
val jumlisha     : t -> t -> t
val linganisha   : t -> t -> int
val kwa_maandishi: t -> string
```

Mtu atauliza: umeficha nini, kama bado kuna `gramu` inayotoa namba kamili? Swali zuri, na nililizungusha kichwani jioni nzima. Jibu langu ni kwamba `gramu` ni ahadi juu ya maana, haisemi chochote juu ya umbo. Kesho nikiamua kuhifadhi kwa nusu gramu, au kwa desimali tena, bado naweza kuitimiza ahadi hiyo kwa kukokotoa. Ile `(x :> float)` ilikuwa ni umbo lenyewe, mbichi, na hakuna mahali pa kuweka ukokotoaji katikati.

Kuna hadithi maarufu ya John Reynolds, mwanasayansi wa kompyuta, ya mwaka 1983, inayolenga hapahapa. Maprofesa wawili wanafundisha namba changamano. Mmoja, aliyempa jina la Descartes, anazieleza kama jozi ya sehemu halisi na sehemu ya kufikirika. Mwingine, Bessel, anazieleza kwa urefu na pembe. Baada ya misingi, madarasa yanabadilishana walimu, na hakuna mwanafunzi anayeharibikiwa, kwa sababu tangu hapo kila kitu kinafanywa kwa shughuli zilezile: kujumlisha, kuzidisha na kadhalika. Programu yangu ilitakiwa iwe darasa hilo. Ila wanafunzi wangu walikuwa wameshachungulia daftari la mwalimu.

Kuzidisha na bei kumehamia kwenye moduli ya `Fedha`, na kanuni ya kuzungusha ipo mahali pamoja tu: `(gramu * bei + 500) / 1000`, bei ikiwa shilingi kwa kilo. Nimempelekea katibu mizigo yote ya daftari upya. Imelingana na kalkuleta yake.

Gharama ya hatua hii: muda, na karatasi za majaribio. Printa ya stakabadhi niliinunua mtumba kwa sh 90,000. Roli za karatasi zinaisha haraka kuliko unavyodhani.

5 Julai: Uvujaji ambao kompaila haikuuona

Nilidhani nimemaliza. Nikafungua faili la data la wiki iliyopita, na mkulima mwenye makreti matatu akaonekana ameleta mzigo usioingia kwenye treni ya SGR. Nikafunga, nikafungua tena: idadi nyingine, ya ajabu vilevile.

Data nilikuwa naihifadhi kwa `Marshal`, moduli ya OCaml inayomwaga kitu chochote kwenye faili kama kilivyo kwenye kumbukumbu. Haiandiki aina. Unaposoma inakuamini wewe ukisema hiki ni kitu fulani. Faili la zamani lilikuwa na desimali, ambayo ndani ya rekodi ile ni kielekezi cha mahali kwenye kumbukumbu. Programu mpya ikasoma kielekezi hicho ikidhani ni gramu. Ndiyo maana namba ilibadilika kila nilipofungua: ilikuwa anwani, na anwani hubadilika.

Aina iliyofichwa haisaidii chochote hapa, kwa kuwa `Marshal` haipiti kwenye kiolesura. Inaingia kwa mlango wa nyuma. Nimeiondoa kabisa. Data sasa ni maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa mzigo, uzito ukipitia `gramu` kwenda na kipimo kilekile kurudi, na mstari wa kwanza wa faili unataja toleo. Data ya wiki ile niliingiza upya kwa mkono kutoka kwenye daftari la katibu. Daftari lina heshima yake.

Siku hiyohiyo nikakumbuka mlango mwingine wa nyuma, nikaenda kuukagua, na kweli ulikuwa wazi. Kituo kina laptop ya katibu na nakala kwenye flashi. Programu ilikuwa inalinganisha vitabu viwili hivyo, kila kimoja kikiwa `Map` (orodha ya OCaml ambayo kila kitu hutafutwa kwa ufunguo wake), kwa alama ya `=`, na mara nyingine ikidai vinatofautiana wakati mistari yote ni sawa.

Jaribu hili mwenyewe. Tengeneza `Map` tupu, weka mkulima namba 1, kisha namba 2. Tengeneza nyingine, weka namba 2 kwanza, kisha 1. Zina watu walewale. Lakini `=` inasema hazilingani. Sababu ni kwamba `Map` ndani yake ni mti, na umbo la mti hutegemea aliyeingia kwanza: wa kwanza ana 1 juu na 2 kulia, wa pili ana 2 juu na 1 kushoto. Alama ya `=` ya OCaml inalinganisha umbo lililo kwenye kumbukumbu, hata pale ambapo mwenye moduli amelificha. Ndivyo zilivyo pia `compare` na `Hashtbl.hash`.

Njia sahihi ni `Map.equal`, ambayo mwenye moduli ameitoa kwa kazi hiyo. Lakini kukumbuka si mpango. Nimeweka faili dogo linalofunguliwa juu ya kila faili jingine, lenye mstari huu:

```
let ( = ) : int -> int -> bool = Stdlib.( = )
```

Kuanzia hapo `=` inafanya kazi kwa namba kamili tu. Ukilinganisha maandishi lazima useme `String.equal`, na ukilinganisha vitabu viwili kwa `=` programu haijengeki. Ilinibidi nipite kwenye faili zote kurekebisha, kazi ya kuchosha isiyo na utukufu. Ningeifanya tena.

14 Julai: Ghafi na halisi

Kuna uzito wa namna mbili kituoni. Ghafi ni unaosomwa mzanini, pamoja na makreti. Halisi ni wa zabibu peke yake. Malipo yanafanywa kwa halisi. Zote mbili ni gramu, zote mbili ni `Uzito.t`, na hakuna kilichonizuia kulipa kwa ghafi.

Njia ya kwanza niliyojaribu ilikuwa moduli mbili tofauti, `Ghafi` na `Halisi`. Inafanya kazi, ila kila fanksheni inaandikwa mara mbili: kujumlisha, kulinganisha, kuchapa. Nikaitupa. Njia ya pili ni kuipa aina kigezo, hapa `'a`, ambacho hakitumiki popote ndani, kazi yake ni kuwa muhuri tu:

```
type ghafi
type halisi
type 'a t
val soma      : string -> (ghafi t, string) result
val toa_kreti : ghafi t -> idadi:int -> (halisi t, string) result
val jumlisha  : 'a t -> 'a t -> 'a t
val gramu     : 'a t -> int
```

Soma mistari hiyo kama mkataba. Ukisoma mzani unapata ghafi. Njia pekee ya kupata halisi ni kupitia `toa_kreti`, na yenyewe inaweza kukataa, kwa mfano mtu akiandika makreti mengi kuliko mzigo wenyewe. Ghafi haijumlishwi na halisi. Na `Fedha.thamani`, inayokokotoa malipo, inapokea `Uzito.halisi Uzito.t` peke yake. Ndani ya `uzito.ml` mstari wa aina ni `type 'a t = int`, basi. Muhuri hauongezi hata biti moja kwenye kumbukumbu.

17 Julai: Muhuri uliofutika

Kijana anayenisaidia alikuwa anaandika majaribio. Akakutana na lile tatizo la kawaida: kwenye utop, dirisha la kujaribia OCaml mstari kwa mstari, kila uzito unaonyeshwa kama `<abstr>`, huoni namba. Akafungua `uzito.mli`, akaandika `type 'a t = int` ili aone, akamaliza majaribio, yote yakapita.

Yalipita kwa sababu hakukuwa tena na cha kukataa. Kompaila ikishajua kwamba `'a t` ni `int`, basi ghafi ni `int`, halisi ni `int`, na hivyo ghafi ni halisi. Muhuri wote unayeyuka, kimya, bila onyo lolote. Mbinu hii inasimama juu ya kufichwa kwa aina na si juu ya kitu kingine.

Marekebisho yalikuwa mawili. La kwanza ni la kumrahisishia mwenzangu: `uzito.mli` ina fanksheni ya kuchapa, na utop inaambiwa iitumie kwa `#install_printer`, kwa hiyo sasa anaona "198.400 kg" badala ya `<abstr>`. Mtu akivunja kufuli, mara nyingi kuna kitu cha halali alichokuwa anakitafuta ndani, mpe dirishani.

La pili ni folda ya msimbo unaotakiwa kukataliwa. Kila faili humo lina kosa moja la makusudi: kulipa kwa ghafi, kujumlisha ghafi na halisi, kutengeneza uzito kutoka namba tupu. Hati ndogo inajaribu kujenga kila moja, na ikitokea mojawapo imejengeka, jaribio limefeli. Majaribio ya kawaida yanathibitisha kinachofanya kazi. Kwa aina zilizofichwa unahitaji pia uthibitisho wa kisichowezekana, na sijaona njia nyepesi kuliko hii.

28 Julai: Fankta iliyoficha kupita kiasi

Nilihitaji orodha za namna kadhaa: mizigo kwa namba ya mkulima, bei kwa daraja, makato kwa tarehe. Fankta ndiyo chombo chake: moduli inayopokea moduli nyingine na kutoa moduli mpya. Nikaandika kiolesura `ORODHA` chenye `type ufunguo` na fanksheni za kuweka na kutafuta, kisha:

```
module Orodha (K : UFUNGUO) : ORODHA = struct ... end
```

Imejengeka vizuri. Nikaitumia kwa namba za wakulima, nikajaribu kuweka mkulima wa kwanza: imekataa. Inadai ufunguo wa aina `ufunguo`, mimi nina namba ya mkulima. Hizo mbili ni kitu kimoja, najua mimi, lakini kompaila haijui, kwa sababu kiolesura kimesema `type ufunguo` na kunyamaza. Nimetengeneza orodha ambayo hakuna kiumbe anayeweza kuweka kitu ndani yake.

Tiba ni kufunua sehemu moja tu:

```
module Orodha (K : UFUNGUO)
  : ORODHA with type ufunguo = K.t = struct ... end
```

Umbo la orodha limebaki siri, aina ya ufunguo imetajwa hadharani. Uwezo huu wa kufunua nusu haukuwepo tangu mwanzo kwa namna tunayoutumia leo. ML, lugha ambayo OCaml ilitokana nayo, ilizaliwa Edinburgh miaka ya 1970 mikononi mwa Robin Milner na wenzake. David MacQueen akaipendekezea moduli katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 Xavier Leroy kwa upande mmoja, na Robert Harper na Mark Lillibridge kwa upande mwingine, ndipo wakaonyesha jinsi kiolesura kinavyoweza kuwa na aina zilizofichwa na zilizofunuliwa pamoja. OCaml yenyewe ilitoka mwaka 1996.

Daraja la zabibu sikulificha, na nitalitetea hilo. Ni `type daraja = A | B`, wazi kabisa kwa kila faili. Halina sharti lolote la kulindwa: hakuna A iliyo mbovu. Likifichwa, mafaili mengine hayawezi kutumia `match` juu yake, yaani kusema la kufanya kwa kila daraja, na napoteza msaada mkubwa, kompaila kuniambia nimesahau daraja gani. Chama kilipoamua kupokea pia zabibu za kukausha kwa bei yake, niliongeza neno moja, `Kukausha`, na dune ikakataa kujenga hadi nilipogusa kila `match` iliyokuwa haijui daraja hilo. Ficha penye sharti. Pasipo na sharti, acha wazi.

11 Agosti: Kituoni

Nanenane imepita, barabara ya Nzuguni imepungua msongamano, mavuno yameanza. Programu imefanya kazi siku nzima sambamba na daftari.

Tatizo la kwanza halikuwa la programu. Mzee mmoja alipokea stakabadhi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akaja mezani.

"Mbukwenyi."

"Mbukwenyi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mzani umesema mia mbili na kumi na mbili. Karatasi yako inasema mia moja tisini na nane. Kilo zangu zimekwenda wapi?"

Katibu akamwahi: "Baba, makreti saba, kila moja kilo mbili. Zabibu zako zote zipo."

"Basi iandike hivyo. Mimi sioni makreti hapa."

Yuko sahihi. Nilikuwa nimeificha ghafi kwa kompaila na kwa mkulima pia, na mkulima ndiye anayetakiwa kuiona. Stakabadhi sasa ina mistari mitatu: ghafi, makreti, halisi. Kwa upande wa msimbo ilikuwa kazi ndogo, maana kuchapa kunakubali muhuri wowote.

18 Agosti: Kiolesura chenyewe kimepitwa

Yameletwa makreti mapya ya plastiki. Ni mepesi kuliko ya mbao, na wakulima wanayachanganya kwenye mzigo mmoja. `toa_kreti` inapokea `~idadi`, yaani inadhani kreti zote zina uzito mmoja.

Hapa kuficha hakuniokoi. Umbo la ndani unaweza kulibadilisha usiku na asubuhi hakuna anayejua. Lakini ukiwa umekisia vibaya swali lenyewe, kiolesura kinabadilika, na kila anayekitumia anaguswa. Nilifikiria kukwepa kwa kuacha `~idadi` na kuweka fanksheni ya pili pembeni kwa ajili ya plastiki. Ningebaki na milango miwili ya kuingia kwenye halisi, na mmoja wao una hesabu ya uongo. Nimeubomoa wa zamani:

```
val toa_kreti : ghafi t -> Kreti.t list -> (halisi t, string) result
```

`Kreti.t` imefungwa. Uzito wa kila aina ya kreti unasomwa kutoka faili la mipangilio, ambalo katibu analibadilisha baada ya kupima kreti tupu mbele ya wakulima. Kompaila ilinionyesha maeneo yote ya kurekebisha, nayo hayakuwa mengi, kwa sababu tangu Julai njia ya kufika kwenye halisi ni moja. Mafaili ya kukataliwa nimeyaongezea moja: kutoa kreti kwa kutumia namba tupu.

Kwa anayetaka kunakili: chukua `uzito.ml`, `uzito.mli`, lile faili la `=`, na folda ya kukataliwa. Bei, daraja na stakabadhi ni za kituo hiki, andika zako. Kinachofuata upande wangu ni malipo ya awamu, maana chama kinalipa sehemu siku ya kupima na sehemu baadaye. Nimeshaanza `deni.mli`. Ina `type t` tupu.